Bafu lina rangi lakini halina joto: dalili, chanzo na tiba

Bafu likionekana limepooza, wengi hukimbilia kopo la rangi. Wiki mbili baadaye ukuta ni wa chungwa, mkeka ni mwekundu, pazia lina maua, na bado ukiingia unahisi uko kwenye choo cha stendi. Mara nyingi kosa haliko kwenye rangi yenyewe. Liko kwenye maji yaliyotuama, balbu isiyofaa, au vitu vyote kung'aa kwa namna moja. Ndiyo maana tunasisitiza mpangilio huu: kwanza maji, pili mwanga, tatu rangi, mwisho vitambaa. Ukiuvuruga, utalipia kazi ileile mara mbili.

Kwa hesabu tutatumia bafu la mita 2 kwa 1.8, dari mita 2.6, mlango wa sentimita 80 kwa mita 2, na kidirisha cha sentimita 60 kwa 60. Mabafu ya namna hii yamejaa kwenye nyumba za mijini, kuanzia Mombasa mpaka Dar es Salaam. La kwako likiwa kubwa zaidi, badilisha vipimo. Kanuni ni zilezile.

Vipimo vitatu kabla ya kununua chochote

Cha kwanza ni ndoo. Mimina lita 10 za maji polepole kuanzia pembe iliyo mbali kabisa na tundu la kutolea maji, kisha subiri dakika 10. Utando mwembamba wa unyevu hauna shida. Dimbwi lina shida. Sehemu ya kuogea inatakiwa ishuke sentimita 1.5 hadi 2 kwa kila mita moja kuelekea tundu. Sehemu kavu, sentimita 1 inatosha. Kuhakiki, laza pima maji ya mita 1 sakafuni, inua ncha ya upande wa tundu mpaka kiputo kikae katikati, kisha pima kwa rula pengo lililobaki chini ya ncha hiyo. Pengo hilo ndilo mteremko wako.

Cha pili ni nailoni. Kata kipande angavu cha sentimita 50 kwa 50, kibandike kwenye ukuta unaoushuku, ziba pande zote nne kwa tepu, kisha kiache saa 24 hadi 48 huku mkiendelea kuoga kama kawaida. Matone yakiwa upande wa ndani wa nailoni, yaani yameegemea ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta wenyewe: bomba linavuja, maji yanapanda kutoka msingini, au mvua inapenya kutoka nje. Matone yakiwa upande wa nje, tatizo ni mvuke wa kuoga usiopata pa kutokea. Tiba za hali hizi mbili hazifanani hata kidogo, na ndiyo sababu kipimo hiki cha bei ya nailoni ni muhimu kuliko ushauri wa muuza rangi.

Cha tatu ni balbu. Ichomoe ikiwa imezimwa na imepoa, usome namba yenye herufi K, yaani kipimo cha rangi ya mwanga. Iandike pembeni, tutaihitaji sasa hivi.

Dalili: rangi ilipendeza dukani, ukutani imekuwa ya kijivu

Kama namba uliyoisoma ni 6500K, chanzo umeshakipata. Huo ni mwanga mweupe wenye ubuluu, na balbu nyingi za bei nafuu madukani ni za aina hiyo. Mwanga huo unainyima rangi ya udongo wekundu wake, unaigeuza ya waridi kuwa ya zambarau iliyopauka, na ya haradali inaanza kufanana na matope. Weka balbu ya 2700K hadi 3000K. Kwa bafu letu la mfano, LED moja ya wati 9 yenye takriban lumeni 800 inatosha dari nzima, na nyingine ndogo kwenye kioo.

Angalia pia alama ya Ra au CRI kwenye boksi, yaani kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi kwa uhalisi. Ikiwa 80, rangi zitaonekana kwa kiasi. Ikiwa 90 na kuendelea, nyekundu na kahawia zinakuwa hai. Tofauti ya bei ni ndogo ukilinganisha na gharama ya kupaka upya. Na usichanganye: dari 6500K na kioo 2700K kunazaa ukuta wenye rangi mbili, na hakuna kopo la rangi litakalotibu hilo.

Holda zilizo karibu na maji ziwe na alama ya kinga ya maji ya IP44 au zaidi, na zile za ndani ya eneo la shawa IP65. Swichi ikae nje ya bafu. Waya na soketi ni kazi ya fundi umeme.

Balbu ikiwa sawa na rangi bado inakataa, chanzo cha pili ni namna ulivyoichagua. Kikadi cha dukani ni kidogo, nacho kimekaa juu ya karatasi nyeupe. Rangi ileile ikifunika kuta nne inajiakisi yenyewe na kuongezeka ukali. Kwa hiyo chukua kipande cha jipsamu au kadi ngumu cha sentimita 40 kwa 40, kipake mikono miwili, yaani tabaka mbili za rangi, kiegemeze kando ya vigae vyako, na ukitazame saa moja asubuhi, saa sita mchana, na usiku balbu ikiwa imewashwa. Ukivutwa na rangi mbili, chukua iliyotulia zaidi. Bafuni huwa inajiongezea nguvu yenyewe.

Dalili: uso kwenye kioo unaonekana mgonjwa

Watu hulaumu kioo. Chanzo huwa kimoja kati ya viwili. Taa ikiwa juu ya kichwa tu, inatupa kivuli chini ya macho na kidevu. Tiba ni taa mbili, moja kila upande wa kioo, katika kimo cha mita 1.5 hadi 1.7 kutoka sakafuni. Cha pili ni rangi ya ukuta wenye kioo. Ukisimama mbele ya kioo, mwanga unaogonga ukuta huo ndio unaorudi usoni mwako. Ukiupaka kijani cha jani bichi, kijani hicho kinakaa kwenye ngozi. Ukuta wa kioo upewe rangi ya joto: udongo wa kufinyanga, waridi lenye vumbi, njano ya embe iliyopoozwa. Kijani na buluu zipeleke ukuta wa nyuma yako. Utaziona zikikutazama kutoka kwenye kioo, bila kukugusa uso.

Dalili: rangi zipo nyingi, lakini macho hayatulii

Bafu limekuwa kama duka la kanga siku ya mkesha wa sikukuu. Si lazima uondoe rangi. Hesabu michoro kwanza. Mara nyingi utakuta vigae vyenye maua, pazia lenye maua na mkeka wenye maua, yote ya ukubwa unaokaribiana. Michoro yenye ukubwa mmoja inagombana. Bakiza mmoja mkubwa, mmoja mdogo, na mistari mahali pamoja, basi. Vingine viwe vya rangi moja tupu. Kisha hakikisha kuna rangi moja inayojirudia katika yote mitatu, hata kama ni kwa ncha ya uzi tu. Hiyo ndiyo inayowapatanisha.

Uwiano unaofanya kazi bafuni: karibu sehemu 6 kati ya 10 ziwe za rangi tulivu, 3 za rangi ya pili, na 1 iwe ya uchangamfu wenyewe. Wengi hukosea kwa kuipa ile moja kazi ya sita. Nyekundu ya kanga ikiwa kwenye taulo mbili na ndani ya kidaka, yaani kishimo cha ukutani cha kuwekea vitu, inacheka. Ikifunika kuta zote, inapiga kelele.

Kidaka kinastahili maneno zaidi, kwa sababu ni njia ya bei nafuu kuliko zote ya kulichangamsha bafu, na pwani yetu imekitumia kwa karne nyingi. Nyumba za mawe za Lamu zina zidaka ukutani, hadi kwenye vyumba vya kuogea. Cha bafuni kiwe na upana wa sentimita 30, kimo cha 20, na kina cha 8 hivi ukuta ukiwa wa inchi 6. Usichimbe ukuta wenye bomba, waya au nguzo ya zege, wala ukuta wa nje unaopigwa na mvua. Sakafu ya kidaka iinamishwe kutazama bafuni kwa milimita 3, la sivyo sabuni itaogelea. Ndani paka dawa ya kuzuia maji mikono miwili, ukiingia vizuri kwenye pembe, ndipo ubandike vigae vya rangi kali kuliko zote ulizonazo. Eneo hilo halifiki hata robo ya mita ya mraba, kwa hiyo mabaki ya vigae vya bei ghali yanatosha. Ulizia dukani yale maboksi yaliyofunguka.

Ukitaka kutumia vigae vya kawaida lakini vionekane vya kipekee

Kigae cheupe cha sentimita 10 kwa 10 chenye grauti ya rangi, yaani ule uji wa kujazia viungo kati ya vigae, kinachangamsha kuliko kigae cha maua cha bei mara tatu. Hesabu kwa bafu letu: mzunguko wa kuta ni mita 7.6. Ukipandisha vigae hadi mita 1.2, ukitoa mlango, unapata kama mita za mraba 8.2. Ongeza asilimia 10 ya vipande vitakavyokatwa na kuvunjika, nunua 9. Ukivilaza kimshazari, ongeza asilimia 15. Ndani ya eneo la shawa vigae vipande hadi mita 2 kwa uchache, kwa hiyo ongeza hesabu ya kuta hizo kando. Juu ya vigae panabaki mita za mraba zisizozidi 10 za kupaka. Lita 2 zinatosha mikono miwili.

Balaa huanzia kwenye grauti. Hizi ndizo lawama tunazozisikia zaidi:

*Imekauka na mabaka, hapa nyeusi, pale imepauka.* Maji yalizidi kwenye mchanganyiko, au fundi alichanganya mara ya pili kwa kukisia. Pima maji kwa kikombe kama paketi inavyoagiza, na pima vivyo hivyo kila mara. Uji wake uwe mzito kiasi cha kung'ang'ania mwiko. Uache dakika 5 hadi 10, ukoroge tena bila kuongeza maji hata tone. Ukianza kukauka ndooni, utupe.

*Imefutika rangi baada ya kupanguswa.* Sponji ilikuwa inachuruzika. Jaza viungo kwa mwiko wa mpira ukiuvuta kimshazari, subiri dakika 15 hadi 30 mpaka uso wa grauti ukatae alama ya kidole, ndipo upanguse kwa sponji iliyokamuliwa hasa, mkupuo mmoja, ugeuze upande. Vumbi jembamba litakalobaki juu ya vigae lifutwe kwa kitambaa kikavu baada ya saa 2 au 3.

*Imetoa unga mweupe.* Ama ulichanganyia maji ya kisima yenye chumvi, jambo la kawaida sana Dar es Salaam na mitaa mingi ya pwani, au kuna maji yanayopita nyuma ya vigae na kuvuta chumvi nje. Piga brashi kavu kwanza. Unga usiporudi, tatizo limeisha. Ukirudi ndani ya wiki chache, acha kusugua, tafuta uvujaji.

*Imepasuka kwenye pembe.* Pembe haziwekwi grauti. Kuta mbili, au ukuta na sakafu, hucheza kila moja kivyake, na grauti hainyumbuliki. Hapo panahitaji silikoni ya bafuni ya rangi inayokaribiana. Toa grauti yote ya zamani, kausha, pitisha silikoni, na usiimwagie maji kwa saa 24.

*Imetia doa kigae chenyewe.* Hii hutokea kwa vigae vyenye vinyweleo, vya saruji, au vilivyosuguliwa mpaka vikang'aa. Kabla ya kuanza, jaribu juu ya kigae kimoja cha ziada, kiache usiku kucha, kisha kisafishe. Vigae vya saruji vyenye nakshi lazima vipakwe kinga ya maji kabla ya grauti na baada yake.

Vipande vya vigae vilivyovunjika, vile vinavyopendwa barazani, vinafaa bafuni pia, hasa kwa ukuta mmoja au ukanda. Angalia mambo mawili tu. Unene wao hutofautiana, kwa hiyo gundi iongezwe nyuma ya vyembamba mpaka uso ulingane. Na kingo zisuguliwe kwa jiwe la msasa kabla ya kubandikwa. Sakafuni kipande kimoja kilichoinuka milimita 2 kinatosha kuchana kidole cha mtoto.

Dalili: rangi inavimba, inabanduka, au ina madoadoa meusi

Rudi kwenye nailoni.

Unyevu ukitoka ndani ya ukuta, rangi yoyote utakayopaka itasukumwa nje, na ya mafuta ndiyo itakayovimba kwanza kwa sababu haipitishi hewa. Tiba ni kuziba chanzo, kubandua plasta iliyooza, kupiga lipu upya na kuiacha ikauke. Lipu mpya ya saruji ipewe siku 28 kabla ya rangi. Ukiwahi, magadi ya saruji yanaila rangi, na ile ya waridi uliyoichagua kwa mapenzi inageuka mabaka. Hata baada ya siku hizo, tanguliza prima, yaani rangi ya msingi, inayostahimili magadi.

Kwenye nyumba kongwe za mawe na chokaa, kama za Mji Mkongwe Zanzibar, jihadhari zaidi. Kuta hizo zinapumua: zinavuta unyevu na kuutoa. Ukizifunika kwa lipu ya saruji au rangi ya mafuta, unyevu unafungwa ndani na baada ya muda lipu inadondoka mapande kwa mapande. Hapo tumia chokaa, na rangi iwe ya unga uliochanganywa kwenye chokaa yenyewe. Matokeo yake ni rangi laini yenye mawingu mepesi, nzuri kuliko kopo lolote, na ukungu haupendi chokaa.

Ikiwa tatizo ni mvuke, hewa ndiyo dawa. Bafu letu lina mita za ujazo 9.4, feni ya kutoa hewa yenye uwezo wa mita za ujazo 100 kwa saa inaibadilisha hewa yote kama mara 10 kwa saa. Iendelee kwa dakika 15 hadi 20 baada ya kuoga. Lakini feni hainyonyi hewa isiyoingia: acha pengo la sentimita 1 hadi 1.5 chini ya mlango. Pasipo feni, dirisha la luva liachwe wazi usiku na mchana, lenye wavu wa mbu unaosafishwa, maana wavu uliojaa vumbi ni sawa na ukuta. Nyanda za juu kama Mbeya, Njombe au Limuru, ambako Juni na Julai watu hufunga kila dirisha, ukungu hushika kasi wakati huo. Fungua angalau nusu saa baada ya kuoga.

Madoa meusi yenyewe yasisuguliwe yakiwa makavu, yatarusha vijimbegu chumba kizima. Changanya dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa maji sehemu 9, vaa glovu, fungua dirisha, paka, acha dakika 15, suuza. Kamwe usiichanganye na siki, dawa kali ya choo yenye asidi, wala kitu chenye amonia: inatoa gesi yenye sumu. Acha ukuta ukauke siku mbili, kisha prima, kisha mikono miwili ya rangi ya maji inayofulika ya aina ya silki, ukiacha saa zilizoandikwa kwenye kopo kati ya mkono na mkono.

Dalili: kila kitu kipya na kisafi, ila panahisi baridi na sauti inarudi

Vigae vinavyong'aa ukutani, vigae vinavyong'aa sakafuni, kioo, chuma. Hakuna kitu kinachonyonya sauti wala kutawanya mwanga. Na kauri huuvuta upesi ujoto wa unyayo, ndiyo maana mbao zilizo kwenye chumba hichohicho, zenye joto lilelile, zinahisi vuguvugu.

Lengo ni kuwa na angalau nyuso tatu tofauti: moja laini inayong'aa, moja isiyong'aa, na moja yenye nyuzi au vinyweleo. Vigae vikishabandikwa, anza na kichanja cha mbao cha kukanyagia. Msaji au mvule, fito zenye upana wa sentimita 4 hadi 5, nafasi ya milimita 8 kati yake, skrubu za stenlesi, na vipira vinne chini ili maji yapite. Kipake mafuta ya mbao mara mbili kwa mwaka, na kila wiki kiinue kikaukie nje juani. Kisipoinuliwa, utelezi unajijenga chini yake na utaunusa kabla ya kuuona.

Sakafu ya vigae vikubwa vilivyong'arishwa ina hatari ya kuteleza, na hilo lishughulikiwe kabla ya urembo wowote. Ukijenga upya, chagua visivyong'aa vyenye alama ya kutoteleza ya R10 au R11, au vidogo vya sentimita 5 kwa 5 ndani ya shawa, kwa kuwa wingi wa viungo vya grauti hushika unyayo. Usipojenga upya, weka tepu za kuzuia utelezi, zikikatwa pembe za mviringo ili zisibanduke haraka.

Kuhusu vikapu na mikeka ya ukindu na mkonge: vinaleta joto haraka kuliko kitu kingine chochote, na vinaoza haraka vilevile. Viweke mita 1 au zaidi kutoka kwenye maji yanayoruka, juu ya rafu, si sakafuni. Mkeka wa ukindu unapendeza zaidi ukitundikwa ukuta mkavu ulio mkabala na dirisha. Kwa kukanyagia mlangoni, usumba wa nazi hustahimili maji kuliko mkonge.

Vyuma vya kutundikia vikipata kutu karibu na bahari, usipoteze muda kuvipaka rangi. Badilisha viwe vya stenlesi ya 304, au 316 ukikaa karibu kabisa na ufuo.

Pazia la kanga: makosa yanayojirudia

Kanga moja ina takriban sentimita 150 kwa 110. Pazia la shawa linahitaji upana wa mara moja na nusu ya uwazi unaozibwa, na urefu wa kama 180. Hapa ndipo watu hukwama: kanga moja haitoshi, na wanapoiunga hovyo pindo inakatikia katikati.

Njia mbili zinakubali. Ya kwanza, zigeuze kanga mbili za doti zisimame kwa urefu, uziunge kando kwa kando: unapata upana wa 220 na urefu wa 150. Ongeza ukanda wa pamba ya rangi moja chini, sentimita 35, wa rangi iliyomo kwenye pindo. Ukanda ukichakaa unabadilishwa peke yake. Hasara yake, jina la kanga litasomeka kwa kuinamisha shingo. Ya pili ni kuziunga juu na chini: upana 150, urefu kama 215, jina linasomeka vizuri mara mbili. Hii inafaa uwazi wa mita 1 na bomba la pazia lililo juu. Kwetu hii ya pili ni nzuri zaidi, kwa sababu kanga isiyosomeka imepoteza nusu ya raha yake.

Na jina lichaguliwe kwa akili. Kanga yenye jina la Mwenyezi Mungu au dua haitundikwi bafuni. Wageni wako wengi wataumia moyoni hata kama hawatasema. Chukua ya mafumbo, ya mapenzi au ya utani.

Fua kabla ya kukata. Kanga mpya ina wanga na itasinyaa kidogo. Iloweke kwenye maji baridi, ubadilishe maji mpaka yatoke meupe, na uifue peke yake mara tatu za mwanzo, ndipo ikae karibu na taulo jeupe. Kumwaga chumvi au siki kwenye beseni, kama wengi wanavyoshauriana, hakuifungi rangi ambayo kiwanda hakikuifunga. Anika kivulini.

Ukungu ukishika ukingo wa chini, chanzo ni kwamba kanga inafanya kazi ya kuzuia maji. Haipaswi. Nyuma yake tundika pazia la plastiki lisilo na mchoro, kwenye pete zilezile 12, la plastiki likiingia ndani ya kizingiti na la kanga likibaki nje. Baada ya kuoga yavute yote mawili yakae wazi, yasirundikwe pembeni yakiwa mabichi.

Taulo na mikeka ya miguu

Taulo lisilonyonya maji limejaa mabaki: laini ya kufulia (dawa ya kulainisha nguo), sabuni iliyozidi, au chumvi ya maji. Lifue bila sabuni, kwenye maji ya kusuuzia tia kikombe kimoja cha siki nyeupe, kisha lianike juani na ulikung'ute kabla na baada ya kukauka. Kuanzia hapo nusu ya sabuni uliyozoea inatosha, na laini uache kabisa.

Taulo linalonuka licha ya kufuliwa ni zito mno kwa hewa ya pwani. Uzito wa gramu 400 hadi 500 kwa mita ya mraba unakauka hata wakati wa masika. Yale ya 600 na zaidi, yanayotamanisha hotelini, hubaki na ubichi mpaka kesho. Litandaze kwenye bomba la sentimita 60 badala ya kulining'iniza kwenye msumari. Kikoi ni bora zaidi kwa matumizi ya kila siku: kinakauka upesi, na mistari yake ndiyo ile mistari uliyoruhusiwa.

Mkeka wa miguu wenye mpira chini usifuliwe kwa maji moto wala kuanikwa juani mpira ukiangalia juu. Mpira utapasuka na kuacha unga. Kuwa na mikeka miwili myembamba ya kupokezana, na kila mmoja uinuliwe baada ya kuoga. Ukibaki sakafuni juu ya dimbwi ulilolikuta kwenye kipimo cha ndoo, hakuna sabuni itakayoondoa harufu yake.

Nyumba ya kupanga, mwenye nyumba hataki misumari

Ndoano za kubandika hudondoka kwa sababu tatu: kigae kina mafuta ya sabuni, ndoano imebandikwa kigae kikiwa na unyevu, au imetundikiwa kitu siku hiyohiyo. Futa kwa spiriti, kausha, bandika katikati ya kigae bila kugusa grauti, bonyeza sekunde 30, na usitundike kitu kwa saa 24. Juu ya rangi ya ukutani hazishiki; zitabandua na rangi. Bomba la pazia liwe la kubana kwa springi kati ya kuta mbili, lenye vipira kwenye ncha, na likazwe likiwa refu kidogo kuliko uwazi, sentimita 2 hadi 3, kabla ya kulibana mahali pake. Likiteleza hata hivyo, kuta hazilingani: weka kipande chembamba cha mpira wa tyubu ya baiskeli nyuma ya ncha moja.

Balbu, kikoi mbili, pazia la kanga na kichanja cha mbao vyote vinahama nawe. Kama fedha ni ya kitu kimoja tu mwezi huu, nunua balbu.